Shingo Ikikaza: Namna ya Kuyaelewa na Kuyatuliza Maumivu Yake

Kumi la mwisho la Ramadhani ndilo msimu wa mafundi cherehani wa pwani. Nguo za Idi za mtaa mzima hurundikana juu ya meza moja, na fundi ambaye siku nyingine hufunga kazi alasiri hujikuta anashona tangu baada ya futari hadi wakati wa daku. Mmoja wao, mama wa makamo aliyekuja kwangu siku ya pili ya Idi, alinieleza kwamba shingo haikumsumbua hata kidogo alipokuwa anashona. Aliyagundua maumivu alfajiri moja, mwishoni mwa sala: alitoa salamu ya kulia, kidevu kikafika begani, alipogeuka kushoto, uso ukagota nusu ya njia, na maumivu makali yakamshika kuanzia chini ya fuvu hadi kwenye ncha ya bega. Alidhani amelala vibaya, na mimi nilipomuuliza alikuwa amelala saa ngapi, akacheka, kwa sababu usiku ule hakuwa amelala kabisa.

Kisa chake ni cha kawaida, na ndiyo maana nimeanza nacho. Maumivu mengi ya shingo hayatokani na mfupa uliovunjika wala ugonjwa uliojificha, bali hutokana na misuli na maungio yaliyolazimishwa kushika mkao mmoja kwa saa nyingi kuliko yalivyozoea. Maumivu ya namna hiyo kwa kawaida huanza kupungua ndani ya siku chache na huendelea kupungua kwa wiki kadhaa, ingawa yana tabia ya kurudi. Kwa hiyo mgonjwa ana kazi mbili: kuyapitisha bila kuyaongeza, kisha kuijengea shingo nguvu ili msimu ujao usiikute dhaifu kama ulivyoikuta safari hii.

Shingo ilivyo

Shingo ni nguzo ya pingili saba zilizopandana, na juu yake kimekaa kichwa chenye uzito wa takriban kilo 5, sawa na mfuko wa unga wa sembe uliosawazishwa juu ya kiganja. Pingili mbili za juu zina umbo la peke yake. Ya kwanza ni pete inayolibeba fuvu, na ya pili ina jino linalosimama ndani ya pete hiyo. Karibu nusu ya uwezo wetu wa kugeuza uso kulia na kushoto hutoka katika ungio hilo moja. Kuanzia pingili ya pili kushuka chini, kati ya kila pingili na mwenzake kuna diski, kitu kama kijimto kigumu kinachopokea mgandamizo. Jozi nane za mishipa ya fahamu huchomoza pembeni kuelekea mabegani, mikononi na vidoleni, na ndiyo sababu tatizo lililoko shingoni linaweza kujitangaza kwenye kidole gumba.

Nyuma ya nguzo hiyo kuna misuli inayozuia kichwa kisianguke mbele. Miongoni mwayo uko mmoja mwembamba unaotoka kwenye pingili za juu za shingo na kushuka hadi kwenye pembe ya bapa la bega. Huo ndio msuli ambao mtu aliyechoka huubonyeza kwa vidole vinne bila kuujua jina, huku amefumba macho.

Hapa lugha yetu hututega kidogo. Neno mshipa tunalitumia kwa njia ya damu, kwa njia ya fahamu, kwa kano, kwa msuli, na hata kwa ngiri. Mgonjwa akisema kwamba mishipa ya shingo imekaza, mara nyingi anakusudia misuli. Mhudumu asipouliza zaidi huenda akaelewa mishipa ya fahamu, na mgonjwa akarudi nyumbani na hofu isiyo yake. Ukienda kutibiwa, usilitegemee neno hilo. Weka kidole kimoja panapouma, kiburute kufuata njia ambayo maumivu yanapita, kisha useme kama ni maumivu ya kuvuta, ya kuchoma kama umeme, au ni ganzi. Maelezo ya namna hiyo humfaa mtabibu kuliko jina lolote la ugonjwa.

Kwa nini inauma

Mwaka 2014 mpasuaji wa uti wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba kichwa kikisimama wima hulemea shingo kwa takriban kilo 5, lakini kikiinama nyuzi 60, kama cha mtu anayesoma simu mapajani, mzigo huo hufikia kilo 27 hivi. Hesabu hizo zimesambaa mno mitandaoni, na zimewatia watu hofu kuliko inavyostahili. Zilitokana na kielelezo cha kompyuta, hazikutokana na kuwapima wagonjwa, na hazikuthibitisha kwamba kuinama huharibu shingo. Bibi zetu wamechambua mchele na kusuka ukili wakiwa wameinama tangu zamani. Tofauti ni kwamba mchambua mchele huinua kichwa kupepeta, huita mtoto, huitikia hodi, huenda kutazama chungu, ilhali fundi mwenye foleni ya nguo, sawa na kijana mwenye simu, anaweza kukaa saa nzima bila kuigeuza shingo hata mara moja. Msuli uliokazwa kwa muda mrefu bila kulegezwa huchoka, na mwishowe huuma.

Yapo mambo mengine yanayozidisha maumivu hata kama mkao ni uleule, na la kwanza ni usingizi mchache. Mtu asiyelala huyasikia maumivu kwa ukali zaidi, na mtu mwenye wasiwasi hupandisha mabega bila kujua. Wanaobeba mizigo kichwani wana hadithi yao. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanawake wa Kikuyu na wa Kiluo nchini Kenya walioweza kubeba mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu za ziada za mwili, na tangu hapo wengine wameuchukulia utafiti huo kama kibali cha kuwatwisha ndoo wasichana wadogo. Utafiti ule ulipima nishati tu, haukuchunguza pingili. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji, na kata, hata ikisokotwa vizuri namna gani, haipunguzi hata gramu moja.

Maumivu yasiyo ya kusubiri

Kabla ya kujitibu nyumbani, hakikisha kwamba hukumbani na mojawapo ya hali chache zinazohitaji hospitali upesi. Shingo iliyokaza pamoja na homa, kichwa kuuma sana, mwanga kuumiza macho au akili kuvurugika inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Maumivu ya shingo yanayoandamana na kifua kubanwa, jasho jembamba au uzito wa taya na mkono yanaweza kutoka kwenye moyo. Maumivu makali ya ghafla, ambayo hujawahi kuyasikia, yakija na kizunguzungu kikali, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito au uso kulegea upande mmoja, yanaweza kutokana na mshipa wa damu uliochanika.

Baada ya ajali ya bodaboda au gari, au baada ya kuanguka kutoka juu ya mnazi, usimkalishe majeruhi wala kumpa maji kabla ya kuijali shingo yake. Mwache alale alivyo, mtu mmoja ashike kichwa kisicheze, na wengine watafute usafiri ambao atalala ubapa. Kanuni zilizotungwa Kanada mwaka 2001, ambazo madaktari wa dharura wanazitumia hadi leo, humpeleka moja kwa moja kupigwa picha ya shingo hospitalini mtu mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 1 au ngazi tano, na mtu mwenye ganzi mikononi au miguuni baada ya ajali.

Hali mbili zilizobaki huja polepole, kwa hiyo hupuuzwa. Ya kwanza ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, maana ugonjwa huo hauishii kifuani: maumivu hudumu kwa wiki nyingi, huzidi usiku, na pamoja nayo huja homa za jioni, jasho la usiku na mwili kukonda. Ya pili ni kubanwa kwa ugwe wa fahamu unaopita ndani ya pingili. Hii huweza kuwa na maumivu madogo tu, lakini vidole hupoteza wepesi wake. Fundi huanza kushindwa kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, hufunga vifungo kwa taabu, miguu huwa mizito na mwendo wa kuyumba, na baadaye mkojo hukataa kutii. Anayeona dalili hizo asizisingizie uzee, bali aende hospitali ndani ya juma hilohilo, na ikiwa mkojo au choo kimeshaguswa, aende siku hiyohiyo.

Siku za mwanzo

Ikiwa hakuna dalili kati ya hizo, jambo la kwanza ni kutoigandisha shingo. Watu wengi hulala chali siku mbili nzima, au huvaa kola ya shingo kwa wiki kadhaa, na misuli iliyokuwa imechoka ikawa sasa imedhoofika pia. Endelea na shughuli zako nyepesi. Kila saa moja ukiwa macho, geuza uso polepole kulia na kushoto, itikia chini na juu, inamisha sikio kuelekea bega, mara tano kila upande, ukiishia pale maumivu yanapoanza kukaza bila kuyalazimisha.

Joto husaidia. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, au taulo lililochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, likae begani kwa dakika 15 hadi 20. Usipake dawa ya kuchua kisha ukaweka joto juu yake, kwa sababu ngozi huungua kabla hujahisi. Kuchuliwa taratibu na mtu wa nyumbani hutuliza kwa muda, na hakuna ubaya wake mradi ni kuchua misuli, wala si kubonyeza mfupa wala mbele ya koo.

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, parasetamoli ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vinane kwa saa 24. Kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, usije ukaimeza mara mbili. Ibuprofeni na diklofenaki zina nguvu zaidi kwa wengine, lakini ni za ukoo mmoja na hazimezwi pamoja, na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, shinikizo la damu, pumu inayochochewa na dawa hizo, au mwenye ujauzito, asizinunue bila kumuuliza mtabibu. Jihadhari na vile vifuko vya vidonge mchanganyiko vinavyouzwa bila jina kwenye baadhi ya maduka ya dawa kwa ajili ya "maumivu ya viungo". Mara nyingine huwa ndani yake mna prednisoloni au deksamethasoni, ambazo huleta nafuu ya ajabu kwa siku tatu, kisha zikiendelezwa hupandisha sukari na shinikizo la damu na kudhoofisha mifupa.

Jambo moja nalipinga bila kumung'unya maneno, nalo ni kuzungushwa shingo kwa nguvu na kinyozi. Baada ya kunyolewa na kusingwa kichwa, mteja hushikwa kidevu na kisogo, halafu shingo hupinduliwa ghafla mpaka ilie. Mlio huo ni wa viputo vya gesi ndani ya maungio, wala si ishara kwamba kitu kimerudi mahali pake, kwani hakikuwa kimeondoka. Mara chache mpinduko wa namna hiyo huchana mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo, na mtu akapata kiharusi akiwa kijana. Mwambie kinyozi mapema, kabla ya kuegemea, kwamba shingo haiguswi.

Mazoezi ya kuijenga

Maumivu yakianza kulegea, kwa kawaida ndani ya wiki ya kwanza, anza mazoezi haya. La kwanza linaonekana la kipuuzi na ndilo lenye faida kubwa. Kaa wima, tazama mbele kama unayetazama upeo wa bahari. Bila kuinua wala kuinamisha uso, kirudishe kidevu nyuma kwa kukiteleza, kana kwamba mtu amekusogezea samaki mwenye harufu karibu na pua, mpaka uhisi mvutano mwepesi chini ya fuvu. Hesabu hadi tano, achia, rudia mara kumi. Watu hukosea kwa kuinamisha kichwa. Ukiona kifua chako, umekosea.

La pili huunyoosha ule msuli mwembamba. Geuza uso nusu kuelekea kulia, kisha inamisha pua kama unayenusa kwapa lako la kulia, huku mkono wa kushoto umeshika kiti unachokalia ili bega lisipande. Tulia kwa sekunde 20 hadi 30, mara tatu kila upande. La tatu ni kuweka kiganja kwenye paji la uso na kukisukuma kwa kichwa, lakini kiganja kisikubali kusogea; sekunde tano kwa nusu ya nguvu zako, kisha ufanye hivyohivyo kisogoni na pande mbili za kichwa.

Hayo matatu huondoa ukakamavu, lakini hayatoshi kuzuia maumivu yasirudi, na hapa ndipo wagonjwa wengi huacha mapema. Mabega yanahitaji mzigo. Chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, simama, ziache zining'inie mikononi, pandisha mabega kuelekea masikioni kisha uyashushe polepole, mara kumi na tano. Pumzika, rudia mara mbili zaidi. Halafu inama kidogo kiunoni huku mgongo umenyooka, vuta chupa kuelekea mbavuni ukikutanisha mabapa ya mabega. Nchini Denmark wanawake waliokuwa na maumivu ya misuli ya shingo na mabega kutokana na kazi walifanyishwa mazoezi ya nguvu ya aina hii kwa dakika 20, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa wiki kumi, na maumivu yao yalipungua sana kuliko ya wenzao waliopiga baiskeli tu. Misuli ikiuma kidogo siku inayofuata, hiyo ni dalili ya kazi. Ukiona ganzi inashuka mkononi, simamisha zoezi.

Kazi na malazi

Kwa fundi, sehemu ya kurekebisha kwanza ni macho. Mtu akivuka miaka 40, vitu vya karibu huanza kumtoka, naye hufuata sindano kwa kichwa badala ya kuvaa miwani ya kusomea. Nimeona shingo zilizopata nafuu kwa miwani na taa iliyofungwa karibu na sindano kuliko kwa dawa yoyote. Baada ya hapo, weka kabari mbili za mbao chini ya miguu ya nyuma ya meza ili ubao wa kushonea uinamie kidogo upande wako, ukihakikisha meza haichezi, na upandishe kiti kwa mto mgumu mpaka viwiko vikae usawa wa meza. Kwa anayetumia kompyuta, ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho, na kompyuta ya mapajani iinuliwe kwa vitabu na kuwekewa kibodi cha pembeni. Simu na iinuliwe hadi kifuani, kiwiko kikiegemea mkono wa pili.

Hata hivyo hakuna mkao mzuri unaovumilika saa nne mfululizo. Kengele ya simu huzimwa na watu bila kutii, kwa hiyo mafundi nawashauri watumie bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani: kila inapokwisha na kubadilishwa, mabega yazungushwe na uso ugeuzwe pande zote mbili kabla ya mguu kurudi kwenye kanyagio.

Mto wa kulalia ujaze nafasi iliyopo kati ya sikio na bega unapolala ubavu, na uwe mwembamba zaidi unapolala chali. Mito ya sufi ni mizuri, lakini ikishavimba upande mmoja na kubonyea upande mwingine, ifumuliwe, ianikwe na ijazwe upya. Kulala kifudifudi huigeuza shingo upande mmoja usiku kucha. Ni vyema kuuacha mtindo huo kwa muda.

Mkono ukipata ganzi, na picha za hospitali

Maumivu yanayoshuka mkononi kwa ganzi au kuchoma, hasa yakipungua unapoweka kiganja juu ya kichwa, kwa kawaida humaanisha kwamba mzizi wa mshipa wa fahamu umebanwa au umevimba. Ganzi ya kidole gumba huelekeza kwenye mzizi wa sita, na ya kidole cha kati kwenye wa saba. Wengi hupona bila upasuaji, ingawa huchukua wiki hadi miezi kadhaa, lakini mkono ukianza kupoteza nguvu, onana na daktari bila kuahirisha.

Huko hospitali huenda ukapigwa picha na kuambiwa kwamba pingili zimesagika. Sentensi hiyo imewafanya watu wazima wenye afya waache kulima, kushona na kusujudu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 nchini Japani uliwapima kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, watu 1,211 wasiokuwa na dalili zozote za shingo, na asilimia 87.6 kati yao walikuwa na diski zilizotokeza. Kwa hiyo picha peke yake haisemi maumivu yametoka wapi. Muulize daktari kama kinachoonekana kinalingana na upande unaouma na kidole chenye ganzi. Kisipolingana, endelea na mazoezi. Maumivu yasiyopungua hata kidogo baada ya wiki sita za kufanya haya yote yanastahili kuchunguzwa upya na mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa mifupa.

Yule mama alianza na kabari za mwembe alizochongewa na mwanawe, miwani ya bei nafuu, na chupa mbili za maji alizozificha chini ya meza ili wateja wasimcheke. Wiki ya tano salamu ya kushoto ilifika begani. Anaponiona njiani siku hizi, hugeuza uso kulia, kisha kushoto, bila kusema neno.